Rivyu ya kliniki ya macho ya wanyama: walivyompima Tomi, walivyompima Pili, na pale walipoteleza

Naanza na nyota ili mwenye haraka aondoke nazo: nne kati ya tano. Hiyo moja niliyoibana nitaeleza huko mbele ni ya nini. Ila kama una mbwa au paka anafumba jicho sasa hivi wakati unasoma hapa, acha kusoma, mpeleke kwanza, haya maneno utayakuta.

Tomi ni mbwa wa uso bapa, wale pua imeingia ndani na macho yamejitokeza, ana miaka 6. Kwa kama miezi minne hivi alikuwa anaamka na tongotongo na mimi sikulichukulia siriasi, maana nani asiyeamka na tongotongo. Ila hili halikuwa lile kavu dogo la kwenye kona, lilikuwa zito, njano, linavutika kama gundi mbichi, ukilifuta asubuhi mchana limerudi, na jicho lenyewe ukilitazama vizuri halikuwa na ule mng'ao, lilikuwa limefifia kama kioo cha simu kilichoshikwa na vidole vyenye mafuta. Huo mng'ao kumbe ndio kila kitu. Jicho linang'aa kwa sababu limefunikwa na machozi muda wote, machozi yakipungua linafifia, na ute unabaki peke yake bila maji ya kuusafisha ndiyo maana unakuwa mzito hivyo. Mimi naona uchafu mwingi usoni nasema huyu macho yake yanatoa maji sana, kumbe jicho ni kavu.

Nikaenda duka moja la dawa, jina silitaji, nikasema mbwa wangu ana jicho jekundu lenye tongotongo. Muuzaji hakuuliza anafumba au hafumbi, hakuomba hata picha, akanipa kichupa cha matone nikaondoka. Siku mbili za kwanza wekundu ukaisha kabisa nikafurahi nikajua mambo yameisha. Siku ya tatu jicho la kushoto likafumba. Tomi akaingia chini ya kiti akakataa kutoka, nikimshika kichwa anakwepa, na mbwa huyu hajawahi kunikwepa mkono tangu mdogo. Hapo ndipo nikapiga simu kliniki ya macho.

Sasa huduma yenyewe. Dada wa mapokezi aliniuliza mambo matatu tu kwenye simu, anafumba, jicho limebadilika rangi, na limeanza lini. Niliposema anafumba tangu juzi akanijibu, "Mlete leo leo mama. Usimwekee dawa yoyote kuanzia sasa, hicho kichupa uje nacho, na njiani usimwache ajikune." Hakunipangia wiki ijayo. Kwa hilo peke yake wanastahili nyota, maana jicho lililofumbwa ni jicho linalouma, mbwa hafumbi kwa uvivu, na paka ndiyo kabisa, paka anaficha maumivu mpaka yamshinde.

Chumba cha kupimia ni cha giza giza. Daktari alipotukaribisha hakumshika Tomi kwanza, alimwacha azunguke, kisha akaangusha kipande cha pamba mbele yake. Pamba haina sauti, kwa hiyo mbwa akiigeukia ujue ameiona kweli, hajaisikia. Upande wa kulia Tomi aliifuata mpaka chini. Upande wa kushoto ilipita tu.

Halafu ikaja karatasi. Hiki kipimo ningependa kila mwenye mbwa wa uso bapa akijue. Ni kikaratasi chembamba kama njiti, kina milimita zimechorwa na rangi ya bluu inayopanda pamoja na machozi. Ncha inakunjwa, inapachikwa ndani ya kope la chini, inakaa dakika moja kamili, hakuna sindano hakuna dawa ya usingizi. Mbwa mwenye macho mazima machozi yanapanda milimita 15 au zaidi ndani ya hiyo dakika. Chini ya 10 ni jicho kavu, chini ya 5 ni kavu vibaya. La kulia lilisoma 9. La kushoto nilikuwa naitazama mwenyewe ile bluu, moja, mbili, tatu, ikafika nne ikasimama, na saa ya daktari bado haijafika hata nusu. Tukasubiri pale wote watatu. Dakika ikaisha ikiwa palepale kwenye 4. Nikakumbuka zile asubuhi zote nilizokuwa namfuta kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu nikidhani ninamsaidia, huku jicho linajikwaruza lenyewe kila akipepesa.

Na karatasi lazima itangulie, kwa sababu ukishatia tone lolote jichoni kipimo cha machozi kimeharibika. Ndiyo maana ya kuambiwa tusiweke dawa kabla ya kuja. Kama umepelekwa sehemu wakaanza na matone halafu ndipo wapime machozi, uliza.

Baada ya hapo rangi. Iko kwenye karatasi pia, ya chungwa ikiwa kavu, ikilowa inakuwa kijani. Konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, ikiwa nzima haiishiki hiyo rangi, ukiosha inateleza inaondoka, lakini penye kidonda inashika. Taa ikazimwa, akawasha taa ya bluu, na katikati ya jicho la kushoto pakawaka kidoa cha kijani ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti. "Mama Tomi, umeona hapo?" Nimeona. Hata mtoto angeona.

Cha tatu ni presha ya jicho. Wana kifaa kidogo cha mkononi kinachogusa konea kama unyoya, kinagonga mara kadhaa kinatoa namba, na hicho chao hakihitaji hata ganzi. Kawaida kwa mbwa na paka ni kama 10 mpaka 25, Tomi alikuwa 14 na 15, yaani sawa. Nilipenda kitu kimoja hapa, daktari alimwambia msaidizi alegeze mkono na mkanda wa shingo utolewe kabisa, kwa sababu ukimbana mnyama shingoni presha ya jicho inapanda ya uongo na unaweza kupewa dawa ya ugonjwa usiokuwepo.

Vipimo vitatu, havikufika hata dakika kumi. Hivyo ndivyo vilivyokosekana kule dukani. Jicho jekundu si ugonjwa. Linakuwa jekundu likiwa kavu, linakuwa jekundu likiwa na kidonda, presha ikipanda jekundu, likivimba kwa ndani jekundu, unyasi ukiingia jekundu, na dawa ya hili ndiyo sumu ya lile. Steroidi inasaidia sana uvimbe wa ndani ya jicho lakini kwenye kidonda inazuia kupona na inafungulia bakteria mlango. Atropini inatuliza maumivu ya uvimbe wa ndani lakini ukiiweka kwenye jicho lenye presha unaipandisha zaidi, na kwenye jicho kavu inakausha hata kile kidogo kilichobaki. Sasa mtu atachaguaje kwa kusikia tu neno jekundu?

Daktari akageuza kile kichupa changu akasoma kwa sauti: antibayotiki, na steroidi. Kumbe ndiyo maana wekundu uliisha siku mbili. Hakunigombeza. Alinieleza taratibu kwamba konea ya mbwa unene wake ni kama nusu milimita tu, kidonda kikianza kuyeyuka kinaweza kuimaliza hiyo nusu milimita kwa siku chache, wakati mwingine ndani ya siku moja, jicho likatoboka. Kidonda cha kawaida cha juu juu kinapona chenyewe ndani ya siku tatu mpaka saba kikitunzwa, kikipita wiki kipo palepale lazima kuna sababu, kope linalojikunja kuelekea ndani, unywele umeota upande wa ndani wa kope, au hakuna machozi kama kwa Tomi. Au ni kile kidonda sugu cha mbwa wa umri mkubwa, hasa Boxer, ambapo ngozi ya juu ya konea inaota lakini haishiki, inainuka kama karatasi iliyogandishwa na gundi mbaya, na hapo hata ukimwaga matone mwezi mzima hakiponi mpaka daktari aisugue ile ngozi isiyoshika aiondoe.

Dawa alizopewa na maoni yangu kwa kila moja. Matone ya antibayotiki bila steroidi, mara nne kwa siku, hayo yalifanya kazi, siku ya nne Tomi alikuwa anafungua jicho na wiki ilipoisha rangi ya kijani haikushika tena. Dawa ya maumivu ya kunywa, usiku wa kwanza tu nikaona tofauti, alilala. Machozi ya bandia, yale mazito ya jeli, ni mazuri kuliko ya majimaji maana ya majimaji yanakauka haraka mno inabidi uweke kila saa. Na ya muhimu kuliko yote ni mafuta ya siklosporini, kila baada ya masaa 12, maisha yake yote. Nimesema maisha yote, hilo lilinichoma, nilitegemea kuambiwa wiki mbili. Sababu yenyewe ni kwamba kwa mbwa wengi jicho kavu linatokana na kinga ya mwili kushambulia tezi za machozi, siklosporini inaituliza ile kinga ili tezi ifufuke, ukiacha mashambulizi yanarudi. Na haianzi leo, inachukua wiki kadhaa mpaka uone machozi yakiongezeka, kwa hiyo ukiona wiki ya pili hakuna badiliko usitupe tyubu. Mimi nilitaka kuitupa. Aliniuliza pia kama Tomi aliwahi kupewa dawa za salfa kwa muda mrefu maana nazo zinaweza kukausha machozi ya mbwa, tukaangalia cheti chake, hakuwahi.

Kuweka dawa ndiko kunakoshinda wengi, na msaidizi wao alinifundisha vizuri sana, nampa sifa zake. Usimjie mbwa kwa mbele na kichupa, anaona kitu kinamjia usoni lazima aruke. Mkalishe, simama nyuma yake, inua kidevu, mkono wenye kichupa ulaze juu ya kichwa, vuta kope la juu kwa kidole, tone lianguke kutoka juu bila ncha kugusa jicho wala nywele. Tone moja linatosha, jicho halina nafasi ya mawili, la pili linamwagika shavuni. Ukiwa na dawa mbili subiri dakika tano kati yake, ya maji inatangulia, ya mafuta inafuata, ukianza na mafuta ya maji haipiti. Na ukimaliza mpe anachokipenda palepale. Sasa hivi Tomi akisikia kabati la dawa linafunguliwa anakuja mwenyewe anakaa.

Koni niliyopewa pale kliniki, ile kola ya kuvaa shingoni ili asifike jichoni, hiyo ndiyo sehemu ya ile nyota niliyoibana. Ilikuwa fupi. Koni inatakiwa ipite ncha ya pua vidole viwili au vitatu hivi, hii iliishia sawa na pua, usiku nikamkuta anajisugua kwenye kona ya kochi. Nilirudi kesho yake wakabadilisha bila maneno, lakini ingekuwa kidonda kirefu usiku mmoja unatosha. Nilijaribu pia ile ya kujaza upepo kama tairi, anaonekana mwenye raha kweli, ila kwa jicho haifai, inazuia kulamba mgongo na mapaja lakini mguu wa mbele unafika usoni bila shida. Kwa macho chukua ya plastiki ngumu, jamani hata akikulilia. Akizoea siku mbili tatu anakula na kulala nayo.

Lingine lililonikera, njiani kurudi pua ya Tomi ikaanza kutoa kijani. Nilitetemeka. Nikasimama, nikapiga simu, yule dada akanituliza, ni ileile rangi ya kipimo imeshuka kwenye mfereji unaotoka jichoni kwenda puani, tena ni dalili nzuri kwamba mfereji haujaziba. Sawa, lakini si wangeniambia kabla sijatoka mlangoni? Na sehemu ya kusubiria ni moja kwa mbwa na paka, paka wanakaa kwenye vikapu vyao wanatazamana na mbwa wanaohema, hilo walirekebishe, maana kwa paka stresi si suala la adabu tu, inagusa ugonjwa wenyewe kama nitakavyosema.

Pili ni paka wangu, ana miaka 11, niliokota akiwa mdogo macho yote mawili yamegandana. Tangu hapo kila baada ya miezi kadhaa jicho moja linajaa machozi, anapiga chafya, wiki inapita anapona. Nilikuwa nasema ni mafua yake. Nilimpeleka palepale wiki chache baada ya Tomi kwa sababu safari hii yalichelewa kuisha. Daktari akaniambia hiyo hadithi tu inatosha kumfanya afikirie virusi vya hepesi vya paka. Wengi wanavipata wakiwa wadogo, vinalala kwenye neva ya usoni maisha yote, paka akipata stresi vinaamka, ukihama nyumba, ukileta paka mpya, ukisafiri ukamwachia mtu. Nikahesabu kichwani, kweli, kila alipougua kulikuwa na jambo nyumbani. Haviambukizi binadamu wala mbwa, ni vya paka na paka. Kuna bakteria pia, klamidia ya paka, inafanya utando wa ndani ya kope uvimbe kama umejaa maji na inatibiwa kwa antibayotiki ya kunywa, lakini Pili hakuwa nayo. Akanionya jambo moja kwa msisitizo: vidonge vya hepesi vya binadamu, asiklovia na valasiklovia, usimpe paka, vinaweza kumuua, kuna dawa yake nyingine inayovumilika na ni daktari anayeamua lini itumike. Akanionya pia nisisugue kile kidoa cheusi kama nikikiona siku moja kwenye konea, paka hasa wenye uso bapa kama Persian wanapata kipande cha konea kilichokufa kinachogeuka cheusi kama mkaa, watu wanadhani ni uchafu wanajaribu kukitoa kwa pamba.

Ningeishia hapo ningeridhika. Ila huyu daktari, na hapa ndipo nilipomkubali, alisema paka wa miaka 11 hatoki chumbani kwake bila kuangaliwa nyuma ya jicho. Akapima presha ya jicho kwanza, ikawa sawa, akaweka tone la kutanua mboni. Pili akaanza kutoa mate mengi mpaka povu, nikaogopa, safari hii akaniwahi kuniambia: tone ni chungu, limeshuka kwenye ule mfereji limefika mdomoni, litaisha. Baada ya kama dakika 20 mboni zikawa duara kubwa. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akarudi kulia, akanyamaza. Kwenye retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kulikuwa na madoa madogo ya damu.

Tukahamia chumba kingine kimya, mlango umefungwa, Pili mapajani kwangu, wakamfunga kimkanda kidogo mkiani kama kile cha kupimia presha ya watu wazima lakini cha mwanasesere. Namba ya kwanza waliitupa, wanasema ya kwanza mara nyingi ni ya woga, wakapima tena na tena wakachukua wastani. Presha ya damu ilikuwa 190. Kwa paka kuanzia 160 presha imepanda, kuanzia 180 ni hatari kwa macho, figo, moyo na ubongo. Damu ikapimwa, figo zimeanza kuchoka, hiyo ndiyo sababu ya kawaida kwa paka wazee, pamoja na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Pili hakuonyesha kitu. Alikuwa anakula, anaruka dirishani, anagombana na Tomi kama kawaida. Presha ikiachwa retina inaachia kama pazia lililokatika kamba, mwenye paka anaamka asubuhi anakuta mboni kubwa nyeusi hazisinyai hata kwenye mwanga na paka anatembea akipapasa ukuta. Wengi ndivyo wanavyogundua. Sisi tuligundua kwa sababu ya chafya na mtu asiyefanya kazi nusu nusu. Yuko kwenye amlodipini kila siku, presha ilishuka wiki ya kwanza, yale madoa yamefifia, na bado anaona.

Mengine nimeyajua kwa kukaa tu pale kwenye benchi. Kulikuwa na kijana ana mtoto wa mbwa, kona ya ndani ya jicho imetoka kitu chekundu cha mviringo kama ushanga. Ni tezi ya kope la tatu, lile linalojificha kwenye kona ya ndani ya jicho, imechomoka mahali pake, wanapata sana Bulldog, Cocker Spaniel na Shih Tzu wakiwa bado wadogo. Kijana alishaambiwa na mtu aikate tu. Usikate! Ile tezi ndiyo inatengeneza sehemu kubwa ya machozi, ikikatwa leo baada ya miaka mbwa anaishia na jicho kavu kama la Tomi. Inarudishwa ndani inashonewa mfuko, hivyo ndivyo walivyomfanyia.

Na kulikuwa na mzee mmoja na mbwa wake wa siku nyingi, macho yana ukungu wa bluu-bluu, yuko tayari kuambiwa ni mtoto wa jicho aanze kufikiria upasuaji. Daktari akamwangalia akamwambia baba, hii ni lenzi imekomaa kwa umri, inaanza tangu miaka 6 au 7 kwa karibu kila mbwa, mwanga unapita, anaona vizuri tu pengine vitu vya karibu sana ndiyo vinamsumbua kidogo. Mtoto wa jicho wa kweli anaziba mwanga, ukimulika ule mng'ao wa nyuma ya jicho haurudi. Yule mzee alishukuru mpaka akashindwa kuongea. Aliulizwa tu kama mbwa anakunywa maji mengi kuliko zamani na kukojoa sana, kwa sababu kisukari kwa mbwa kinaleta mtoto wa jicho kwa kasi ya ajabu, wengi ndani ya mwaka mmoja wa kuugua wanakuwa hawaoni. Paka wenye kisukari kwa kawaida hawapati hilo, lenzi zao zinahimili sukari tofauti.

Aliyeniumiza ni dada aliyekuja na mbwa jicho limetuna, jekundu mishipa minene, konea imekuwa ya bluu kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Presha ya jicho. Siku tano alikuwa anaosha kwa maji ya chumvi akijua ni vumbi. Hiyo presha ikipanda ghafla neva ya macho inakufa ndani ya siku moja mpaka tatu, na jicho lile halikuona tena. Walichopambana nacho ni maumivu, na kulikinga lile la pili, kwa sababu mbwa akizaliwa na mwelekeo wa ugonjwa huu mara nyingi jicho la pili linafuata. Yule dada alikuwa analia analaumu mikono yake. Mimi niliyemfuta Tomi miezi minne sikuwa na la kumwambia, nilimshika bega tu.

Kwa mwenye mbwa wa uso bapa, kuna hili lingine waliniachia kwa maandishi nikalibandika jikoni: akigombana na mbwa mkubwa akashikwa kichwani jicho linaweza kutoka nje kabisa ya tundu lake. Usilisukume kurudi. Lilowanishe kwa maji safi ya chumvi yale ya hospitali au jeli ya machozi, lifunike na kitambaa kilicholowa, mkimbize. Wakati mwingine linaokolewa.

Tumerudi Tomi na mimi wiki iliyopita, ni wiki ya tisa ya siklosporini. Karatasi ya kulia ilisoma 17. Ya kushoto tulikaa tena wote watatu tukiitazama ile bluu, ikapita 4, ikapita 8, dakika inaisha iko 13. Kovu dogo jeupe limebaki pale kidonda kilipokuwa, unaliona tu akigeukia dirishani. Daktari aliangusha pamba upande wa kushoto, na Tomi akaifuata mpaka sakafuni, akaenda akaikanyaga.